Nginx yenye moduli ya RTMP: je, inatosha kurusha mechi ya Kirumba?

Kwa anayerusha mubashara ibada, harusi au mechi ya uwanja wa CCM Kirumba, Nginx (programu ya seva) yenye moduli ya RTMP (njia ya kutuma video mubashara hadi kwenye seva) ni ya bure na nyepesi. Kwenye seva ya kukodi yenye vCPU 2 (viini viwili vya prosesa) na RAM ya GB 4, inapokea video ya OBS (programu ya kurushia iliyo kwenye laptopu) kupitia poti 1935, inaikata vipande vifupi vya HLS ambavyo pleya hupakua kimoja kimoja, na kuvigawa huku prosesa ikiwa karibu imelala. Naipa nyota nne.

Nyota ya tano inapotea ukiiongezea FFmpeg (programu ya kubadili video) ili itoe ubora wa 720p, 480p na 360p kwa pamoja. Hapo vCPU 2 ni chache. Chungulia mstari wa FFmpeg: ukiona speed=0.8x, yaani inachakata sekunde 0.8 tu za video kwa kila sekunde, kila dakika 10 za mchezo seva inabaki nyuma dakika 2, na wenye redio watashangilia bao watazamaji wako wakiwa bado wanasubiri kona. Bora 480p moja iliyobanwa vizuri na laptopu ya uwanjani.

Kinachomaliza hela ni data inayotoka. Kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, mtazamaji mmoja anakula kama GB 1.1 kwa saa. Watazamaji 300 kwa saa 3 ni takribani TB 1, na wakiwa wote hewani kwa mpigo wanahitaji megabiti 750 kwa sekunde. Piga hesabu hii kabla ya kulipia kifurushi. Wengi hukimbilia kuongeza RAM, ambayo haina kosa lolote.

Ucheleweshaji unarekebishika. hls_fragment (urefu wa kila kipande cha HLS) huja ikiwa sekunde 5, na pleya nyingi huanza vipande vitatu nyuma. Weka 2s, kisha kwenye OBS weka keyframe (fremu kamili isiyotegemea nyingine) kila sekunde 2, maana kipande hukatwa kwenye keyframe tu. Ukibadili upande mmoja tu, hutapata vipande vya sekunde 2.

Udhaifu mkubwa ni kwamba haipokei SRT, njia nyingine ya kutuma video inayovumilia zaidi mtandao mbovu. RTMP hupita kwenye TCP, ambayo hufikisha pakiti za data kwa mfuatano, kwa hiyo uwanja ukijaa na mtandao wa simu ukielemewa, pakiti zilizopotea huzuia zinazofuata na OBS huanza kudondosha fremu. Kwa laini ya simu pekee, seva za MediaMTX au SRS, zinazopokea SRT, zinafaa zaidi.

Na usisahau on_publish, mpangilio unaohakiki anayetaka kurusha kabla ya kumruhusu. Bila hiyo, yeyote anayejua anwani ya seva anaweza kurusha video yake humo.