Animal Kingdom ya Orlando na familia: asubuhi ndiyo siku yenyewe

Kati ya bustani nne za Walt Disney World huko Florida, Disney's Animal Kingdom ndiyo itakayomchekesha Mswahili. Unavuka daraja na kujikuta katika kijiji kinachoitwa Harambe. Kuta zimechakazwa makusudi, mabango yanatangaza "Uhuru 1961", kibanda cha aiskrimu kinaitwa Tamu Tamu na baa inaitwa Dawa. Waliokibuni walikuwa na Lamu akilini, na inaonekana. Mgahawa wa bafe ni Tusker House. Mkenya atauelewa utani huo kabla ya kuketi.

Tuseme mapema: ni bustani nzuri, lakini ni ya muda wa saa sita au saba, si ya kutwa. Imefunguliwa tangu 1998 na kwa eneo ndiyo kubwa kuliko zile tatu nyingine, takriban hekta 230. Sehemu kubwa ya eneo hilo, hata hivyo, ni ya wanyama na miti. Vyombo vya kupanda ni vichache, na vimepungua zaidi baada ya upande wa DinoLand kufungwa kupisha ujenzi wa eneo jipya la Amerika ya kitropiki, ambalo limepangwa kufunguliwa 2027. Bei ya tiketi hupanda na kushuka kufuatana na tarehe. Kwa kawaida hii ndiyo nafuu kuliko nyingine, huanzia kama dola 119 kabla ya kodi. Mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, na aliyetimiza 10 hulipiwa kama mtu mzima.

Mara nyingi milango hufunguliwa saa 2 asubuhi (simu itakuandikia 8:00), na wageni wa hoteli za Disney hutangulia kwa nusu saa. Kosa la familia nyingi ni kufika geti saa 2 kamili. Ukitoa muda wa kuegesha gari (hulipiwa kwa siku), ukaguzi wa mifuko na kutembea, utakuwa ndani karibu saa 3, na foleni ya Avatar Flight of Passage, chombo kinachokupa hisia ya kuruka angani, itakuwa imeshavuka saa nzima. Fika maegesho dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Waliolala hoteli za Disney wajue kwamba huku hakuna treni ya juu wala gari la kamba, ni basi tu, na bustani hii iko pembeni.

Flight of Passage ni ya kwanza au uilipie, hakuna njia ya katikati. Unakaa umepanua miguu kama kwenye pikipiki, kisha vizuizi vinakubana mgongoni na kwenye mashavu ya miguu. Aliyevaa dera jembamba au sketi ya kubana atapata tabu kukaa, kwa hiyo suruali ndani ya vazi refu ni jambo la busara. Mwenye mwili mkubwa ajaribu kiti cha mfano kilichowekwa nje kabla ya kupanga foleni, maana kukataliwa juu mbele ya watu si raha. Kimo cha chini ni sentimita 112. Rolakosta ya Expedition Everest nayo inadai sentimita 112, na mashua ya Kali River Rapids 97. Mpime mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyokwenda navyo. Getini wana kijiti cha kupimia, na machozi hayaongezi kimo.

Mkiwa na mtoto asiyefikia kimo, ombeni Rider Switch, haina malipo. Familia nzima inakwenda mpaka mlangoni, mfanyakazi anaskani tiketi, kundi la kwanza linapanga foleni ya kawaida na mzazi mmoja anabaki na mtoto. Wakitoka, aliyebaki anapita njia ya haraka. Wanaokosa huduma hii ni wale ambao mzazi mmoja amekwenda zake na mtoto kabla ya kuomba. Lazima mtoto aonekane.

Kilimanjaro Safaris haina sharti la kimo. Ni lori lililo wazi ubavuni, kama dakika 20, kati ya twiga, vifaru, tembo na simba. Panda mapema, kabla jua halijawalaza wanyama kivulini. Anayeijua Mikumi au Nairobi National Park asitarajie kushangaa, kwake hii ni bustani tu iliyopandwa nyasi vizuri. Kwa watoto waliozaliwa ughaibuni ni habari nyingine kabisa. Ukishuka usiikimbie njia ya Gorilla Falls, maana hapo gorila wako karibu na hakuna foleni. Lori linarusha, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu au mjamzito aiache.

Lightning Lane Multi Pass, ile ya kulipia njia ya haraka kwenye vyombo kadhaa, hapa hatuipendekezi. Asiyelala hoteli za Disney huweza kuinunua siku 3 kabla, wa hoteli siku 7. Ila Flight of Passage haimo humo, inauzwa peke yake, na nyingine zote mtu aliyefika mapema atazimaliza bila kulipia. Tunza hela hiyo kwa Magic Kingdom, bustani nyingine kati ya zile nne.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na hili wengi hawalijui. Sambusa, chapati na matunda vitapita. Havipiti chupa za kioo, pombe, wala barafu ya vipande. Weka vifuko vya kugandisha. Maji ya baridi yenye barafu hutolewa bure kwenye vikombe katika migahawa ya kujihudumia, uliza tu. Mirija ya plastiki usibebe kwa sababu ya wanyama, na kwa sababu hiyohiyo maputo hayauzwi ndani. Ukinunua chakula, agiza kwa programu ya Disney kwenye simu kuanzia saa 4 asubuhi, uchague muda wa kuchukua. Ukingoja mpaka njaa ya saa 6, nafasi za karibu zimekwisha. Ukishafika mgahawani bonyeza kwamba umefika, la sivyo jikoni hawaanzi. Satu'li Canteen, kule Pandora, yaani eneo la Avatar, ndiyo yenye bakuli za wali zinazoshibisha. Asiyekula nguruwe aulize kila kitu Harambe Market, kwani mbavu na soseji zimejaa kwenye orodha.

Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua ya radi hupiga karibu kila alasiri. Radi ikikaribia, Everest na Kali husimamishwa, na watu wote hukimbilia chini ya paa. Weka onyesho la Festival of the Lion King muda huo. Ni kama nusu saa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, na fika dakika 25 kabla. Kali inalowesha mpaka chupi. Ipande ya mwisho kabla ya kuondoka, ukiwa na ndala na nguo ya kubadili, kwani soksi mbichi pamoja na kutembea siku nzima ni malengelenge. Januari na Februari huenda ukaikuta imefungwa kwa matengenezo.

Kigari cha mtoto kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vya kukokota hawaviruhusu. Kifunge kipande cha kanga kwenye mpini. Wafanyakazi huvihamisha ukiwa ndani ya maonyesho, na vyeusi vyote vinafanana.

Hakuna fataki usiku, maana wanyama wanalala, kwa hiyo hii hufungwa mapema kuliko nyingine. Jioni chukua basi la bure hadi hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge. Shuka Jambo House, tembea hadi nyuma ya hoteli utazame pundamilia na twiga kwenye uwanda uitwao Arusha bila kulipa senti. Ukienda kwa gari, walinzi huenda wakadai buking ya chakula. Aliyeacha gari lake bustanini ahakikishe anarudi kabla mabasi ya kuelekea huko hayajakoma, vinginevyo atarudi kwa teksi kulifuata.