Feni ya Dari Imechoka: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Feni ya dari haifi kwa siku moja. Upepo unapungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na wenye nyumba wanazoea bila kujijua, mpaka alale mgeni chumbani humo aulize kama umeme leo ni mdogo. Wengi wakishagundua hukimbilia dukani. Usikimbie bado. Feni iliyopoteza upepo mara nyingi inadai kifaa kimoja cha bei ndogo, na feni inayovuma vizuri kabisa inaweza kuwa ndiyo inayopaswa kushushwa leo. Aliyekaa kwenye kochi hawezi kuzitofautisha. Lazima apande ngazi.

Nimezipanga njia zote hapa chini, kuanzia ninayoipendekeza kwanza mpaka ya mwisho kabisa. Lakini uchunguzi unatangulia.

Panda ngazi kwanza

Zima umeme kwenye meni swichi, usitegemee swichi ya ukutani. Zungusha feni kwa mkono. Iliyo nzima hupiga raundi kadhaa kimya ndipo isimame. Ikikwaruza, ikikwama, au ukihisi kama ndani kuna changarawe, beringi zimekwisha. Sukuma mota juu na chini: ikicheza kwenye ekseli yake, jibu ni lilelile.

Sasa shusha kile kikombe cha juu kinachofunika sehemu feni inaponing'inia. Hapa usiwe na haraka. Utakuta kulabu ya dari, mpira wa mviringo unaokaa juu yake, bolti iliyopita katikati ya mpira, nati yake, na pini inayoizuia nati isifunguke. Angalia kimoja kimoja. Mpira umepasuka, au umelika mpaka chuma kinasuguana na chuma? Pini ipo, na miguu yake imetanuliwa? Chomoa bolti uitazame mwili wake: ikiwa katikati imeliwa ikawa nyembamba, au tundu lililoibeba limepanuka, hicho chuma kimechoka. Feni inayopiga mizunguko 300 kwa dakika inapiga 18,000 kwa saa, na kila mzunguko wa feni inayoyumba unaikwangua bolti hiyo. Halafu fuata waya unapoingia kwenye bomba la kuning'inizia. Ukingo wa bomba hukata mpira wa waya polepole, na umeme ukigusa chuma pale, feni nzima inakuwa na umeme.

Mpira, bolti na pini hubadilishwa bila kubadilisha feni. Kulabu iliyooza kwa kutu ni habari nyingine, kwa sababu hata feni mpya ukiitundika hapo itakuwa hatarini vilevile. Kadhalika, kiboksi cha dari kilichotengenezwa kubeba taa hakifai kubeba feni. Taa imetulia, feni ina uzito na mtikisiko pia.

Kuyumba peke yake si sababu ya kuitupa. Weka rula darini, uzungushe kwa mkono, upime ncha ya kila panga ikifika mahali palepale. Panga lililopishana na wenzake kwa zaidi ya milimita 5 hivi limepinda, au skrubu zake zimelegea. Kaza, nyoosha, pima tena. Na ufute vumbi. Vumbi hujikusanya kwenye ukingo unaokata hewa, linapunguza upepo na kuharibu mizani. Foronya kuukuu inasaidia sana: ingiza panga ndani yake, bana, vuta, vumbi lote linabaki humo.

Dalili za kuishusha bila mjadala

Ya kwanza ni kupigwa shoti, hata kidogo, ukigusa mwili wa feni au regulata yake, ile ya kubadilishia spidi. Zima, na isiwashwe tena mpaka fundi umeme aone umeme unavujia wapi. Kama ni waya wa juu, unabadilishwa. Kama ni koili za ndani ya mota, feni hiyo imemaliza kazi.

Ya pili ni joto. Iwashe saa moja, uizime, kata umeme, uweke kiganja kwenye mota. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kiganja kwa sekunde chache, au ukasikia harufu ya vanishi inayoungua, ngozi ya waya za koili inaharibika na haitarudi kuwa nzima.

Ya tatu ni ufa kwenye mkono wa chuma unaoshika panga, kwenye panga lenyewe, au kwenye shingo ya mota. Ufa usichomelewe. Nimesikia mafundi wakisema weldingi inatosha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu chuma kinachotikiswa maelfu ya mara kwa saa hupasuka tena pembeni ya pale kilipochomelewa, na chini yake wamelala watu.

Umri wenyewe si hukumu. Feni nzuri huvuka miaka 10 hadi 15, na nyingine zaidi ya hapo.

1. Kapasita mpya

Hii ndiyo namba moja kwa feni iliyopungua spidi lakini haina joto, kelele wala shoti. Mota ya kawaida ya feni inahitaji kapasita ili ianze kuzunguka na kupata nguvu. Kapasita hupungua uwezo kadiri miaka inavyokwenda, na feni hupungua nayo. Kipimo chake ni rahisi: washa feni spidi ya juu, ikivuma bila kuzunguka, isukume panga kwa fimbo kavu ya mti, kamwe si kwa mkono. Ikidaka na kuendelea yenyewe, kapasita ndiyo mgonjwa wako.

Nunua yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Kwenye feni nyingi za volti 220 hadi 240 ni maikrofaradi 2.5 au karibu na hapo. Volti zake zisiwe chini ya zile za awali. Muuzaji akikushawishi uchukue kubwa zaidi ili feni ikimbie, kataa: mkondo wa umeme kwenye koili moja unazidi na mota inapata moto. Feni za kamba ya kuvuta huwa na kapasita ya nyaya tatu au zaidi, hivyo piga picha ya nyaya kabla hujachomoa hata mmoja. Na kumbuka kapasita hubaki na umeme hata baada ya meni kuzimwa. Fundi aitoe umeme huo kabla ya kuishika.

2. Feni mpya ya BLDC

Kama feni ni ya kuondoka, na iko kwenye chumba ambamo inazunguka saa nane au zaidi kwa siku, hii ndiyo ya kununua. BLDC ni mota isiyo na brashi: ndani yake kuna sumaku za kudumu na bodi ya elektroniki inayoongoza koili. Feni ya kawaida ya milimita 1200, yaani upana wa duara la mapanga yake, hula wati 70 hadi 80. Ya BLDC ya ukubwa huohuo hula wati 28 hadi 35 kwa upepo uleule, na kwenye spidi ya chini inashuka sana.

Hesabu iko wazi. Wati 75 kwa saa 12 kila siku ni yuniti 0.9, yaani kama yuniti 328 kwa mwaka. Wati 30 kwa muda huohuo ni kama yuniti 131. Umeokoa karibu yuniti 197 kwa feni moja. Zidisha kwa bei unayolipia yuniti, ulinganishe na tofauti ya bei ya feni hizo mbili, utajua itajilipa baada ya muda gani. Kwa mwenye betri faida ni kubwa zaidi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600: saa 8 za feni ya wati 75, au saa 20 za feni ya wati 30, ukiacha kile kinachopotelea kwenye inveta. Tena inveta za bei nafuu, zisizotoa wimbi safi la umeme, huifanya mota ya kawaida ivume na kupata joto.

Kasoro zake nisizifiche. Bodi inaogopa umeme unaoruka, rimoti hupotea, na si kila fundi anaweza kuitengeneza. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: bodi ya akiba inapatikana? Dhamana inahusu bodi, au mota peke yake? Na isifungwe kamwe kupitia regulata ya ukutani. Regulata hiyo itolewe, iwekwe swichi ya kawaida.

3. Beringi mpya

Kwa feni nzito, ya zamani, yenye upepo mzuri na mota isiyochemka, lakini inayonguruma. Mafundi hukutana zaidi na beringi namba 6201 na 6202; namba imechongwa ubavuni, chukua ya zamani uende nayo dukani. Usimiminie mafuta ya kupikia wala grisi kwa nje. Beringi iliyofunikwa pande zote haipitishi mafuta hayo, yanabaki kukusanya vumbi.

4. Feni mpya ya mota ya kawaida

Inafaa chumba cha wageni, stoo ya kazi, au popote inapowashwa saa mbili tatu. Hapo akiba ya umeme haiwezi kurudisha bei ya BLDC mapema, na kila fundi anaijua. Sharti langu ni moja: kama bado una regulata kubwa la zamani linalopata joto, libadilishe na la elektroniki. Lile la zamani hupunguza spidi kwa kugeuza umeme kuwa joto, kwa hiyo unalipia karibu kama feni iko spidi ya juu.

5. Kusuka mota upya

Kwa feni kubwa ya mwili imara tu, na kwa fundi anayehesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla ya kuutoa, akarudisha unene uleule na shaba, si aluminiamu. Mota iliyosukwa kwa kukisia hula umeme mwingi kuliko ilivyotoka kiwandani na hupata joto mapema. Kwa feni nyepesi, hela hiyo iongezee kwenye mpya.

6. Mtumba, na feni za pambo za mapanga ya kukunja

Naziweka mwisho pamoja. Ya mtumba inakuja na beringi, bolti na koili ambazo hukuzichunguza. Ya mapanga ya kukunja, ambayo huwa na taa katikati, ni nzuri kwa macho, lakini mapanga yake mafupi na membamba hayasukumi hewa ya kumtosha mtu aliyelala kwenye joto. Wanunue wanaotaka taa.

Ukiwa dukani

Soma boksi kabla ya kuangalia rangi. Tafuta namba mbili: hewa inayosukumwa, kwa mita za ujazo kwa dakika, na wati. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Feni ya mita 210 kwa wati 75 inakupa 2.8, ya mita 210 kwa wati 30 inakupa 7. Idadi ya mizunguko kwa dakika isikudanganye, kwani mapanga bapa yakikimbia sana yanatoa kelele tu.

Ukubwa uendane na chumba: milimita 900 kwa chumba kidogo, 1200 kwa chumba cha kulala cha kawaida, 1400 kwa sebule. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, sentimita 20 hadi 30 kutoka darini, na yasikaribie ukuta kwa chini ya sentimita 45. Feni iliyobanwa darini haipati hewa ya kuvuta. Kwenye baraza au karibu na bafu, epuka mapanga ya mbao zilizoshindiliwa, maana yanakunywa unyevu na kulegea.

Usiitarajie ifanye isichoweza. Feni haipozi chumba, inampoza mtu kwa kukausha jasho lake, ndiyo maana kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kupoteza umeme. Na Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike joto likifika nyuzi 40, kwa kuwa hapo inausukumia mwili hewa ya moto.

Fundi akimaliza kufunga, mwombe asubiri. Iwashwe spidi ya juu saa nzima, kisha izimwe, aguse mota, akaze tena skrubu za kila panga, na akuonyeshe pini ya bolti ikiwa mahali pake kabla hajarudisha kikombe.