Mtu mmoja, fidla nyingi: Andrew Bird nilivyomsikia Chicago

Nimekulia Unguja, kwa hiyo fidla kwangu ni chombo cha taarabu: wapigaji watatu wanne wamekaa safu moja, pinde zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Rafiki aliponiambia twende tukamsikilize Mmarekani mwenye fidla moja, nikamuuliza kama kutakuwa na chakula.

Ilikuwa Disemba, baridi ile ya Chicago ya kukata masikio. Tangu 2009 Andrew Bird hupiga muziki msimu huu katika kanisa la Fourth Presbyterian, Michigan Avenue, na maonyesho yenyewe ameyapa jina la Kiholanzi, Gezelligheid, yaani ile raha ya kukaa ndani na watu wako wakati nje hakukaliki. Tiketi nilizembea, nikalanguliwa mtandaoni, na bado nikaishia nyuma ya nguzo. Mabenchi ni ya mbao. Nenda na kitu cha kukalia.

Akaanza kwa kudonoa nyuzi kwa kidole, noti tano sita tu, akakanyaga kwa mguu wa soksi pedali, kile kidude cha sakafuni kinachonasa sauti na kuirudia. Zile noti zikabaki hewani zinajirudia. Akaishika fidla kifuani kama gitaa, akaikwangua, akakanyaga tena. Ndipo upinde ukaingia, na juu ya yote mluzi, safi mpaka mama mmoja mbele yangu akageuka kutafuta unakotoka. Nyuma yake spika yenye midomo miwili kama ya gramafoni ilikuwa inazunguka, sauti inakujia na kukupita kama gari la matangazo mtaani. Nikafumba macho nikahesabu fidla nne. Nikachungulia pembeni mwa nguzo: mtu ni yule yule mmoja.

Huyu hakuzuka jana. Amezaliwa 1973, akashikishwa fidla akiwa na miaka minne kwa mtindo wa Suzuki, ule wa kujifunza kwa sikio kabla ya karatasi, kisha akasomea fidla Chuo Kikuu cha Northwestern hadi 1996. Bendi yake ya Bowl of Fire ilitoa albamu tatu za studio kati ya 1998 na 2001, mbili za kwanza zikiwa za jazi ya kizamani, zote zikasifiwa kuliko zilivyonunuliwa. Akahamia kwenye ghala la shamba magharibi mwa Illinois, peke yake na pedali zake, na albamu ya Weather Systems ya 2003 ndiyo iliyotokea huko. Kwa maoni yangu, bila lile ghala asingekuwepo huyu niliyemsikia.

Kasoro? Mashairi. Amejaza maneno ya kamusi, na Kiingereza changu kiligoma mara kadhaa. Katikati pia kuna nyimbo mbili za polepole zilizofuatana, nikasinzia kidogo.

Jirani yangu wa benchi alinong'ona kwamba mashine ndiyo inayopiga. Niliamini pia, mpaka nikanunua pedali ya mtumba. Mashine haina chochote chake, inarudisha ulichoipa, na ukichelewa kukanyaga kidogo tu, wimbo mzima unachechemea. Wangu umechechemea jikoni jioni tatu mfululizo. Jana mwanangu alikuja akaichomoa waya.