Stesheni wagoni ya zamani au SUV mpya ya 4WD? Nimezipanga hivi

Wengi wanaouliza swali hili wameshaipenda SUV moyoni, wanachotafuta ni mtu wa kuwaambia "chukua." Mimi huwaambia wasubiri kidogo, tuchungulie kwanza chini ya gari.

1. Stesheni wagoni ya zamani yenye 4WD, iliyotunzwa

Zile za aina ya Subaru Outback au Volvo XC70: gari la familia lililoinuliwa kidogo na kupewa nguvu magurudumu yote manne. Uzito wake umekaa karibu na ardhi, kwa hiyo kwenye kona halilali ubavu, na kwa kuwa halijasimama juu kama ukuta, halipigani sana na upepo barabara kuu. Lakini raha yake hasa ni buti. Laza viti vya nyuma, egemeza kabati kwenye kizingiti, sukuma, limeingia. Kwenye SUV mnalinyanyua wawili hadi kiunoni ndipo mnagundua buti ni fupi.

Ubaya wake ni umri. Mkanda wa taiming, ule unaozifanya sehemu za ndani ya injini zizunguke kwa mpangilio, huchoka kwa miaka pia, si kwa kilomita tu. Gari la miaka 15 lenye kilomita 80,000 linapendeza kwenye tangazo, ila huenda mkanda bado ni ule wa kiwandani. (Kama injini yake ni ya cheni, ruka swali hili, sikiliza tu isigongegonge ikiwashwa baridi.) Inua zulia la buti uangalie kutu pale linapokaa tairi la spea.

Kisha jaribio ninaloliamini kuliko maneno ya muuzaji: tafuta uwanja wenye lami kavu, kata usukani hadi mwisho, achia gari litambae polepole. Likisitasita na kurukaruka kama vile mtu ameshika breki, difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) au klachi yake ina tatizo, na bili yake si ndogo. Angalia na matairi. Mapya mbele na vipara nyuma maana yake magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti, na mfumo wa 4WD umekuwa ukisuguana kutwa nzima hata kwenye barabara iliyonyooka.

2. SUV ya miaka minne hadi sita, yenye 4WD kweli

Hapa unalipia usalama, na ni malipo ya haki. Mfumo wa kudhibiti gari lisiserereke ukawa lazima kwa magari mapya Marekani kuanzia modeli za 2012 na Ulaya mwaka 2014. Wagoni nyingi za zamani hazina. Mwenye magoti mabovu, au anayefunga kiti cha mtoto kila asubuhi, ataushukuru ule urefu. Tumbo la gari pia liko juu zaidi kutoka ardhini, mara nyingi kama milimita 200 dhidi ya 150 hivi za wagoni ya kawaida isiyoinuliwa.

Ila usidanganyike na jina. Nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma huamka tu yale ya mbele yakianza kuteleza. Hilo hukusaidia kuondoka kwenye tope, halikusaidii kusimama; breki za magurudumu manne kila gari linazo. Kama gia ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), uliza oili yake ilibadilishwa lini. Ukijibiwa "hii haibadilishwi," punguza bei au ondoka.

3. Wagoni ya zamani isiyo na 4WD

Vitu vichache vya kuharibika, basi. Kama njia zako zote ni lami, ipandishe hadi namba moja.

4. SUV isiyo na 4WD

Umbo la porini, miguu ya mjini. Muuzaji akisema ni 4WD, piga magoti utazame kati ya magurudumu ya nyuma: pawe na difu (bonge la gia), na shafti, yaani mhimili unaozunguka, inayotoka mbele kuja kwake. Baadhi ya haibridi (za mafuta na umeme) na magari ya umeme huweka mota huko nyuma badala ya shafti. Nyingine zote, usipoiona, haipo.