Zyzzyva: programu iliyonifanya niipende Q

Kama unacheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, na bado unaingia kwenye intaneti kuandika "maneno ya herufi tano yenye Q", nakushauri upakue Zyzzyva. Kurasa nyingi za kutafuta maneno hukumwagia orodha ndefu, unaipitia kwa macho, unaifunga, na ukikaa mbele ya ubao hukumbuki hata neno moja. Programu hii inakupa orodha ileile, kisha inakukalia kooni mpaka uijue.

Naitumia kwenye kompyuta, hasa jioni. Mpinzani wangu mkubwa ni shemeji yangu, mtu mwenye kumbukumbu ya kutisha. Asiyecheza mchezo huu huenda asielewe kwa nini herufi moja inifanye nitafute programu. Kete ziko 100, Q ni moja tu, ina alama 10, na U za kuisindikiza ni nne. Mchezo ukiisha nawe umebaki na Q mkononi, unakatwa alama 10 na aliyemaliza anaongezewa hizohizo. Hapo tofauti ni alama 20, na zipo mechi zinazoamuliwa kwa chini ya hapo.

Kutafuta kwenyewe ni kwepesi. Unaweka sharti la urefu, tano hadi tano. Unaongeza sharti la pili, neno liwe na Q. Mpaka hapo utaletewa QUEEN, EQUAL, SQUAD, PIQUE na wenzao wengi. Utamu unaanza ukiweka sharti la tatu, la kukataa U. Orodha inasinyaa, na kinachobaki ni dhahabu: FAQIR, TALAQ, NIQAB, QANAT, TRANQ, QIBLA. Ukishuka hadi herufi nne kwenye orodha ya Collins, moja ya orodha za maneno yanayoruhusiwa kwenye michuano, unakuta QADI na WAQF, na kwenye tatu, SUQ. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa fakiri, talaka, kadhi, kibla au wakfu ni nini. Maneno ambayo Mwingereza anayakariri kwa jasho, sisi tunayo mdomoni tangu utotoni. Kazi iliyobaki ni tahajia tu.

Ukijua pia Q imekaa wapi, unaandika alama za kuuliza mahali pa herufi usizozijua. ?Q??? inaleta EQUIP na jamaa zake; ????Q inaleta yale adimu yanayoishia na Q, ambayo hukuokoa ubao ukiwa umebana. Pembeni mwa kila neno unaonyeshwa herufi zinazoweza kulitangulia au kulifuata. QUA, kwa mfano, inakubali A mbele ikawa AQUA, na D au Y nyuma. Kwangu safu hizo za pembeni zina thamani kuliko maana ya neno, maana ndizo zinazokuonyesha pa kuunganisha.

Lakini sababu halisi ya kuisifu programu hii ni sanduku lake la kadi. Orodha uliyoichuja unaigeuza maswali. Inakuonyesha herufi zilizopangwa kialfabeti, tuseme AFIQR, nawe unaandika neno. Ukipatia, kadi inasogezwa mbele na itarudi baada ya siku kadhaa, halafu baada ya muda mrefu zaidi. Ukikosea, inarudishwa mwanzo wa foleni. Huwezi kujidanganya kwamba unajua. Mimi nilianza na maneno mafupi yenye Q, J, X na Z, nikahamia ya herufi tano, na sasa ndiyo nayagusa ya saba kama AEINRST, ambayo peke yake inatoa RETAINS, NASTIER, STAINER na mengine.

Wapo watakaosema herufi tano ni za nini wakati bonasi ya alama 50 hutolewa kwa kumaliza kete zote saba. Wamtazame Wellington Jighere wa Nigeria, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, Australia, mwaka 2015. Wanigeria walisifika kwa kujifua kwenye maneno mafupi, pamoja na ya herufi tano, hata pale refu linapowezekana: unabaki na kete nzuri mkononi na humfungulii mpinzani ubao. Moja ya maneno yaliyokumbukwa kwenye fainali ile ni FELTY, lililompa alama 36. Herufi tano.

Yasiyonipendeza yapo. Sura yake ni kavu, madirisha na masharti matupu, na anayeifungua mara ya kwanza anaweza kudhani ni kazi ya ofisini. Maelezo ya maana ni mafupi mno; neno unalijua lakini huwezi kulitumia kwenye sentensi. Kuna pia matoleo mawili, Collins Zyzzyva na NASPA Zyzzyva ya Amerika Kaskazini, na lazima uchague kwa kufuata kamusi ya michuano yenu. Si jambo dogo: Collins ina karibu maneno 13,000 ya herufi tano, ya Amerika Kaskazini karibu 9,000. Ukijifunza ZO na CH kutoka Collins ukaenda kucheza kwa sheria za kule, yatakataliwa.

Kwa wapenzi wa Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, siipendekezi. Majibu ya mchezo ule yalichujwa tangu mwanzo hadi kama 2,300 yanayofahamika na watu wengi, hivyo TALAQ na QANAT zitakupotezea nafasi kati ya sita ulizonazo.

Jina la programu, kwa wanaouliza, ni la mdudu wa Amerika Kusini, na ZYZZYVA inawezekana kabisa kuchezwa: Z moja, kete zote mbili tupu (husimama badala ya herufi yoyote), Y zote mbili, V na A. Shemeji anaisubiri.