Pangani au Bagamoyo, wikiendi uende wapi?
Jamani mi nakaa Dar, na kama una siku moja tu basi Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi, unapanda daladala asubuhi unaona magofu ya Kaole na misheni ya 1868 jioni uko home. Ila ukipata siku tatu nenda Pangani, ni mbali ndio, lakini pale mto unaingia baharini kabisa mbele ya macho yako, unavuka na kivuko kwenda Bweni, nyumba za zamani zinabomoka na inaniuma sana, mji huohuo ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889. Bagamoyo watalii wengi, Pangani pametulia, mi moyo wangu uko Pangani.