Wetisuti ya 3/2 yenye zipu ya kifuani: tathmini baada ya msimu mzima mawimbini

Nimeivaa wetisuti hii, yaani vazi la mpira wa neoprini linalomkinga na baridi anayeteleza juu ya mawimbi kwa ubao, zaidi ya mara 40, katika maji ya nyuzijoto 15 hadi 18 za Selsiasi, nami naiona bora kwa mbali kuliko ile niliyoinunua mwanzo, ingawa zote mbili ni za 3/2, yaani milimita 3 kiwiliwilini na milimita 2 mikononi na miguuni. Tofauti haiko kwenye unene wala kwenye mpira wenyewe, bali kwenye jinsi inavyoushika mwili.

Ile ya kwanza niliichagua kwa saizi ya nguo zangu za kawaida, na nikairidhia dukani kwa sababu haikunibana. Neoprini huhifadhi joto kwa viputo vidogo vya gesi vilivyofungiwa ndani yake, na maji machache yanayopenya hutulia kati ya ngozi na vazi yakapashwa joto na mwili. Mwanafizikia Hugh Bradner, aliyebuni vazi hili nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba mtu hahitaji ngozi kavu ili asisikie baridi, mradi vazi lenyewe lizuie joto lisitoroke. Lakini vazi likipwaya, kila unapoanguka kutoka ubaoni maji yale ya vuguvugu hufukuzwa na ya baridi huingia, na mwili huanza kazi upya. Nilikuwa nikitetemeka baada ya nusu saa, nikaamini kwamba nahitaji ya 4/3, kumbe nilichohitaji ni saizi ndogo zaidi.

Safari hii nilijipima urefu, kifua na kiuno, nikalinganisha na jedwali la mtengenezaji, kisha nikakaa na vazi mwilini kwa robo saa kabla ya kulipia. Nilichuchumaa, nikainua mikono, nikaizungusha kana kwamba napiga maji nikiwa nimelala juu ya ubao. Mahali pa kuchunguza kwa makini ni kiunoni kwa nyuma, makwapani na penye kinena, kwa kuwa nafasi tupu katika sehemu hizo hugeuka mifuko ya maji. Shingo nayo ishikwe pande zote bila kukabwa. Vazi likiwa kavu lazima libane kuliko unavyotarajia, kwa sababu hulegea kidogo likilowa. Hata hivyo, likikuzuia kuvuta pumzi ndefu, au mabega yakivutwa kila unaponyoosha mkono, liache, kwani utachoka kabla hujalifikia wimbi la kwanza.

Mishono ya wetisuti hii imenifurahisha sana. Vipande vyake vimegundishwa ukingo kwa ukingo, kisha vikashonwa kwa sindano isiyotoboa hadi upande wa pili, kwa hiyo maji hayapati tundu la kupenyea. Ile ya zamani ilikuwa na mishono bapa iliyotobolewa moja kwa moja, ambayo hailetei ngozi michubuko na inafaa kabisa kwa maji ya vuguvugu, lakini katika baridi niliyahisi maji yakipita mgongoni kama uzi.

Zipu ya kifuani ni fupi na huacha mgongo ukunjike bila kizuizi. Gharama yake ni usumbufu wa kuvaa na kuvua: wiki ya kwanza nilihitaji mtu wa kunisaidia kutoa mabega, na bado navuta kwa ncha za vidole, si kwa kucha, ambazo huchana neoprini kwa urahisi.

Kasoro niliyoiona ni gundi ya mshono wa goti la kushoto, iliyoanza kubanduka mwezi wa tatu. Niliirekebisha mwenyewe kwa gundi ya neoprini na haijafunguka tena, lakini vazi la daraja hili halikupaswa kudai matengenezo mapema hivyo. Kwa upande wangu huliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikalianika kivulini likiwa limegeuzwa nje ndani na kukunjwa kiunoni, kwa kuwa likitundikwa mabegani uzito wa maji hulivuta.

Kwa maji yaliyo chini ya nyuzijoto 14 nisingeipendekeza. Hapo 4/3 yenye mishono ya namna hii ndiyo inayofaa. Kwa maji ya nyuzijoto 15 hadi 18 ningeinunua tena, baada ya kulikagua kila goti.